Niliacha matibabu ya sonona mara mbili bila kuaga; mara ya tatu nilisema kilichoniuma

#1 Mwalimu wa Kadutu

Habari zenu ndugu na dada. Nimekuwa nasoma humu muda mrefu bila kuandika kitu. Leo ninafungua uzi kwa sababu juzi dada mmoja wa avenyu yetu aliniambia ameacha kwenda kwa mwanasaikolojia. Nikamwuliza amekosewa nini. Akajibu, "Basi tu, sikumzoea." Hilo "basi tu" ninalijua. Nililisema mara mbili, na kila mara nilirudi kitandani kwa miezi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Nyumba yetu ya mbao iliungua usiku pamoja na nyingine. Mwenye kuijua Kadutu anajua nyumba zilivyobanana pale mlimani. Moto ukianza kwa mmoja haumwachi jirani. Watoto walitoka wazima. Watu walituletea masufuria, nguo, unga. Nilikuwa imara hadi watu wakashangaa. Miezi minne baadaye, tulipokwisha pata pa kupanga na kila mtu akaona mambo yametulia, ndipo nilipoanza kuamka saa tisa za usiku na kukaa macho mpaka kunakucha. Bugali ikawa kama karatasi mdomoni. Darasani nageukia ubao, chaki mkononi, nimesahau nilichotaka kuandika. Nyumbani walisema "anawaza sana". Muganga akasema depresyo, ile inayoitwa sonona vitabuni. Nilifika mahali pa kulala nikiomba nisiamke.

Sitataja vituo wala watu. Nataka niseme habari ya jambo moja: kati yako na anayekutibu kuna kitu, na kitu hicho nacho ni sehemu ya matibabu.

Wa kwanza alikuwa kijana msomi aliyetoka upande mwingine wa nchi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kifaransa changu ni cha darasani. Nilimwambia "roho inaniuma", akaniuliza ni upande gani wa kifua. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kuelewa. Lakini nilihisi kwamba nikitaka kusema jambo langu lazima kwanza nilivue nguo zake na kulivika za mwingine, na sikuwa na nguvu hizo. Nilienda mara tatu.

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, mpole kupita kiasi. Alinipokea kama mwanawe. Alinishika mkono, tuliongea habari za watoto, bei za sokoni, ndoa. Nilikuwa natoka pale mwepesi, na kabla sijapanda mlima kufika nyumbani uzito umesharudi. Miezi miwili hivyo. Hakuniuliza hata siku moja ninataka kufika wapi. Niliacha, na nikaona aibu kubwa, kwa sababu alikuwa mwema kwangu. Tukikutana njiani nilikuwa nabadili upande.

Wa tatu, kikao cha kwanza kabisa, aliniuliza: "Mama, ukipata nafuu, mimi nitaijuaje? Jumanne asubuhi utakuwa unafanya nini ambacho leo hufanyi?" Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikasema: nitaenda kwenye likelemba yetu. Ni kikundi chetu cha wakina mama cha kuchangiana pesa kwa zamu. Nilikuwa nimeacha kwenda tangu moto. Natuma pesa kwa mtoto, mimi mwenyewe siendi. Akasema, "Basi tuanzie hapo."

Chai imechemka, nitaendelea baadaye. Kuna jambo la kikao cha tano ambalo ndilo lililonifanya niandike.


#2 Yaya Ndosho

Tuko pamoja mwalimu. Mimi niko Goma. Hiyo ya "roho inaniuma, upande gani" imenigusa mpaka nimeacha kazi mezani. Endelea.


#3 Mwalimu wa Kadutu

Asante yaya. Naendelea.

Kikao cha tano nilikuwa nimeamua kueleza usiku wa moto. Sikuwahi kuueleza kwa mtu, hata kwa mume wangu ambaye tulikuwa naye. Nikaanza. Nilipofika mahali ambapo nilimtoa mtoto mdogo na kumwacha mama mkwe ndani nikidhani mwingine amemchukua (alitoka, ni mzima mpaka leo), mwanasaikolojia akatazama saa, akanikata: "Hili ni kubwa, tutalirudia wiki ijayo. Niambie, likelemba ulienda?"

Nilijibu, "Ndiyo, nilienda." Haikuwa kweli. Nilitabasamu, nikaaga, nikashuka hadi Nyawera kwa miguu bila kuona njia. Nilishaamua sirudi. Wala sikukasirika. Nilisema moyoni: umeona, si jambo la maana, watu wana kazi zao, usiwasumbue.

Na hapo ndipo ningependa mnisikie vizuri. Ile sauti ya "usiwasumbue" ndiyo ugonjwa wenyewe ulikuwa unasema. Ni sauti ile ile iliyoniambia nisiende likelemba, nisimwambie mume wangu, nisiombe ruhusa shuleni. Kumbe nilidhani ninamkimbia mtu asiyenifaa, kumbe sonona ndiyo ilikuwa inanishika mkono na kunirudisha nyumbani.

Nilirudi kwa sababu ya mume wangu. Aliona sijavaa siku ya kikao. Nikamwambia, akasema, "Nenda umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Halafu ukitaka kuacha, uache." Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja. Kwetu mtu mzima hakosolewi, na mtu anayekusaidia hakosolewi kabisa. Nilipokaa nikasema: "Mama, niruhusu nikuambie jambo, lisikuudhi. Wiki iliyopita ulinikata maneno, na nilipokuambia nimeenda likelemba nilikudanganya."

Aliweka kalamu chini. Akasema: "Ni kweli, nilikukata. Kulikuwa na mtu nje aliyekuwa na hali mbaya, akili yangu ikaenda kwake. Ningekuambia hivyo, sikukuambia. Nisamehe." Akanyamaza. Mimi nikaanza kulia, kilio ambacho sikulia tangu moto. Baadaye akauliza, polepole: "Ni wapi kwingine watu wanakukata maneno, nawe unatabasamu na kuondoka?"

Tuliongea juu ya swali hilo wiki sita. Mkurugenzi wa shule, shemeji, mama yangu marehemu. Nikajifunza kwa mkurugenzi kusema "Samahani, sijamaliza". Kitu kidogo hicho. Lakini nilikijaribu kwanza pale, kwa yule mama, na mbingu hazikuanguka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwambia mtu ameniumiza na mtu huyo akabaki.


#4 Kijana wa Nguba

Pole mama mwalimu, na asante kwa ushuhuda. Mimi ni mwanafunzi, nasoma saikolojia mwaka wa pili hapa hapa mjini, naomba kuuliza kwa heshima. Unajuaje kwamba ni uhusiano ndio ulikutibu? Inawezekana ulikuwa umeanza kupata nafuu, na mtu anayepata nafuu humpenda anayemtibu. Yaani nafuu imetangulia, mapenzi yakafuata. Darasani mwalimu wetu alituambia watafiti wenyewe wamebishana sana juu ya hilo.


#5 Mwalimu wa Kadutu

Mwanangu, swali lako ni zuri na nililiuliza mimi pia. Mwanasaikolojia wangu alinipa vitu vya kusoma nilipokuwa nimeshapata nguvu ya kusoma. Nitakujibu nilivyoelewa.

Kwanza neno lenyewe, uhusiano, ambalo vitabuni huitwa pia ushirikiano. Mwaka 1979 Mmarekani aitwaye Edward Bordin aliandika kwamba ushirikiano kati ya anayetibu na anayetibiwa una vipande vitatu: kukubaliana tunakwenda wapi, kukubaliana tutafanya nini ili tufike, na kifungo cha moyo kati ya wawili hao, yaani kuaminiana na kuheshimiana. Niliposoma hivyo niliwaona watu wangu watatu wamekaa kwenye mstari. Yule kijana hakuweza kufika kwenye kifungo kwa sababu ya lugha. Yule mama mpole alikuwa na kifungo tele, lakini safari haikuwa na mwisho wala njia. Wa tatu alikuwa na vyote, na kimoja kilipokatika tulikiunga.

Sasa swali lako. Ni kweli walibishana. Mwaka 1990 DeRubeis na Feeley walifuatilia wagonjwa wa sonona kwenye tiba ya fikra na tabia, ile ya kujifunza kuhoji fikra mbaya, wakaona kilichotangulia nafuu ni zile mbinu zenyewe zikitumiwa vizuri mapema. Uhusiano mzuri ulionekana kuja baada ya nafuu. Hoja yako hiyo hiyo. Lakini mwaka 2003 Klein na wenzake walichukua watu 367 wenye sonona ya muda mrefu, wakaondoa hesabuni nafuu iliyokwisha kupatikana, na bado uhusiano wa mwanzoni ulionyesha nani atazidi kupata nafuu baadaye. Kwa hiyo mimi naona vyote viwili vinavutana kama watu wawili wanaopanda mlima na mzigo mmoja. Nafuu kidogo inakufanya umwamini, imani inakufanya ujaribu jambo gumu zaidi, jambo hilo linaleta nafuu nyingine.

Ukubwa wake pia usizidishwe. Mwaka 2018 Flückiger na wenzake walijumlisha tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000. Uhusiano unaeleza karibu sehemu 8 kati ya 100 za tofauti za matokeo baina ya wagonjwa. Mtu akisikia 8 anaona ni kidogo. Lakini katika tiba ya mazungumzo ni vichache vilivyopimwa vikafika hapo, na ilionekana hivyo karibu kila aina ya tiba.


#6 Kijana wa Nguba

Nimeelewa mama. Hiyo ya mlima nitaipeleka darasani.


#7 Baba wa watatu

Salaam. Mke wangu ana ugonjwa huo, mwaka wa pili sasa. Anapewa dawa. Daktari anaongea naye dakika tano, anaandika, anampa karatasi. Je, haya mnayoongea yanawahusu wa kuongea tu, au na wa dawa? Kwa sababu nafikiri kidonge ni kidonge, hakijui nani amekiandika.


#8 Mwalimu wa Kadutu

Baba, pole kwa nyumba yako. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipokuta habari ya utafiti mmoja wa Marekani, uliosimamiwa na taasisi yao ya taifa ya afya ya akili, matokeo yake yakatoka mwaka 1989. Waligawa watu 250 wenye sonona katika makundi manne: mawili ya tiba ya mazungumzo, moja la dawa iitwayo imipramine, na moja la kidonge kisicho na dawa ndani. Haya mawili ya vidonge yalikuwa pia na daktari wa kuwaona na kuwatia moyo. Wiki 16. Baadaye, mwaka 1996, Krupnick na wenzake walisikiliza rekodi za vikao hivyo na kupima uhusiano. Waliona uhusiano ukiwa mzuri, matokeo yalikuwa mazuri zaidi katika makundi yote manne. Hata kwa wa dawa. Hata kwa wale wa kidonge kitupu.

Mwaka 2006 McKay, Imel na Wampold wakarudi kwenye takwimu hizo hizo wakawaangalia madaktari wenyewe, tisa tu, kwa hiyo tusijenge nyumba nzima juu yake. Dawa ilikuwa bora kuliko kidonge kitupu, hilo lilibaki. Lakini daktari gani amekupa lilikuwa na uzito zaidi kuliko nini kilikuwa ndani ya kidonge. Wagonjwa wa madaktari bora waliopewa kidonge kitupu walifanya vizuri kuliko wagonjwa wa madaktari dhaifu waliopewa dawa.

Tafadhali, baba, mtu yeyote asisome hapa akasema basi tutupe vidonge. Mimi mwenyewe nilimeza fluoxetine na ilinisaidia kupata usingizi wangu tena. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, lakini usumbufu wa tumbo na kichwa unaweza kuja siku za mwanzo. Katika wiki hizo za kati, mtu mwenye sonona, ambaye tayari haamini kwamba kitu chochote kitasaidia, atashikwa na nini asiache? Mimi nilishikwa na mtu aliyeniambia mapema, "Wiki ya kwanza utanichukia kidogo. Nitumie ujumbe." Nilimtuma. Alijibu.

Hata dakika tano zinatosha kwa swali moja. Mwombe mke wako ruhusa umsindikize, na yeye mwenyewe aulize: "Docta, tunatafuta nini na dawa hii, na nitajuaje kama inafanya kazi?" Daktari akijibu swali hilo vizuri, kitu kimeshaanza.


#9 Mama APS

Shikamoo wote, nimesoma kuanzia juu. Mimi ni APS, msaidizi wa kisaikolojia na jamii, nimefanya kazi vijijini Kivu Kusini miaka mingi. Naomba niongeze kitu kwa sababu naogopa wenzangu watasoma na kusema, basi upendo unatosha.

Hapa hapa kwetu kulifanyika utafiti mkubwa, Judith Bass na wenzake, ukatoka mwaka 2013. Wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono, katika vijiji vya mashariki ya nchi yetu. Vijiji vingine vilipewa tiba ya vikundi yenye mpango: vikao 12, kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, kujifunza kuitazama ile fikra ya "ni kosa langu" na kuihoji. Vijiji vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja: mama akitaka, anakuja, anasikilizwa, anasaidiwa kufika hospitali. Wote walihudumiwa na wasaidizi kama sisi, wanawake wa hapa, wasio na shahada ya saikolojia. Baada ya miezi sita, wale wenye dalili za kutosha za sonona au wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 kwenye vikundi vya tiba, na 42 kwa 100 kwenye msaada wa kawaida.

Tafakarini hilo. Wale wa msaada wa kawaida hawakukosa mtu wa kuwasikiliza. Walikosa kazi ya kufanya pamoja naye. Ninayasema haya nikijua nimewapoteza wakina mama niliowapenda sana, nikiwashika mkono tu, kwa kuwa sikujua kingine.


#10 Mwalimu wa Kadutu

Mama, shikamoo. Umeniandikia yule mama mpole wangu, na sasa ninamtazama kwa jicho lingine. Pengine naye hakufundishwa kingine. Nikikutana naye sitabadili upande wa njia.

Na nikubali kwamba nilipofungua uzi nilikuwa na kifungo cha moyo kichwani kuliko kazi. Unanirekebisha. Kwangu kazi ilikuwa hii: kwanza alinipa daftari niandike kila fikra mbaya inayokuja. Sikuandika hata moja. Tunaishi vyumba viwili watu saba, shemeji husoma kila karatasi. Wiki tatu nilikuwa namwambia "nimesahau". Nilipoanza kusema kweli nikamwambia na hilo. Akasema, "Basi hiyo si kazi yako, tutafute nyingine." Tukapata: kila asubuhi kabla ya shule natembea hadi mahali pa kuona ziwa, nakaa dakika kumi, narudi. Na likelemba: niende, nikae mlangoni, nisiseme kitu, nikichoka nitoke. Mara ya kwanza nilikaa robo saa. Wakina mama hawakuniuliza kitu, walisogea tu wakanipa nafasi kwenye benchi.

Kazi ambayo haiingii ndani ya nyumba yako haiwezi kukutibu, hata kama imeandikwa kwenye vitabu vyote.


#11 Yaya Ndosho

Mimi nina swali linaloniuma. Huku Goma, mwenye kunitibu aliondoka mwishoni mwa Januari 2025 wakati wa vita. Siku moja alikuwa hapa, wiki iliyofuata yuko ng'ambo ya mpaka. Hakuniaga, sikumwaga. Sasa amenitafuta WhatsApp, anasema tuendelee kwa simu. Nafsi inasema hapana. Nahisi kama aliniacha. Najua si kosa lake, vita ni vita, mimi mwenyewe nilikimbia nyumba. Lakini nahisi hivyo.


#12 Mwalimu wa Kadutu

Yaya, nimekaa na ujumbe wako tangu jana.

Hisia haina haja ya kuwa na haki ndipo isemwe. Kuna watafiti wawili wa New York, Jeremy Safran na Christopher Muran, walioshughulika miaka mingi na mipasuko kati ya mtibu na mgonjwa. Walisema inakuja kwa sura mbili: mgonjwa anajitoa polepole, anakubali kila kitu, anapotea, au anapambana, analalamika waziwazi. Sisi wa sonona wengi ni wa sura ya kwanza. Na waliona kwamba mpasuko wenyewe si mwisho, ukiongelewa na kuungwa unaweza kuwa sehemu muhimu ya tiba yenyewe.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningemjibu na ningeanza na hilo kabla ya mengine yote. Si "nzuri, tuendelee". Ningeandika: "Docta, nafurahi uko mzima. Kabla ya kuendelea nataka tuongee jinsi ulivyoondoka, kwa sababu nilihisi nimeachwa." Ukiona uzito kuandika, tuma sauti. Akijitetea, akakuambia habari za mpaka na mabomu tu, utakuwa umejua kitu. Akikusikiliza, utakuwa umejua kitu kikubwa zaidi.

Kuhusu simu: ule mjumlisho wa 2018 uliangalia pia tiba kwa njia ya intaneti, na uhusiano ulikuwa na uzito karibu ule ule. Shida zetu ni nyingine, ni umeme, ni vifurushi, ni mahali pa kuongea bila masikio ya watu. Ninaye rafiki anayeongea na wake akiwa ndani ya gari la mjomba lililokufa, limeegeshwa parseleni. Ndiyo chumba chake.

Na yaya, kama kuna usiku unafika mahali pa kutamani usiamke, usingoje WhatsApp. Mwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo, mwende hospitali. Huko Goma kuna Tulizo Letu, huku kwetu SOSAME; ni nyumba za afya ya akili, na kwenda huko si kuwa kichaa.


#13 Imani Thabiti

Mimi nasema mnasahau Mungu. Dada yangu alipona kwenye chumba cha maombi, hakuongea na mwanasaikolojia hata siku moja.


#14 Mwalimu wa Kadutu

Ndugu, nafurahi kwa dada yako kwa moyo wote. Mimi naomba kila siku na niliomba kila usiku wa ugonjwa ule. Nikuulize tu: pale maombini kulikuwa na mtu aliyemsikiliza bila kumhukumu, aliyemngoja, aliyemwamini kwamba atapona, na aliyemtunzia siri? Kama ndiyo, alipata kitu cha kweli. Ninachoogopa ni vyumba ambavyo mgonjwa anaambiwa ana pepo, anafungishwa siku nyingi bila kula, dawa zinatupwa, na Jumapili habari zake zinasikika hadi Bagira. Huyo atajifunza kunyamaza hata mbele za Mungu.


#15 Mama APS

Siri, mwalimu, umegusa penyewe. Mji wetu ni mdogo. Nilipoanza kazi mjini nilikuta kila anayeingia anapita mbele ya mlinzi, na mlinzi anauliza kwa sauti, "Umekuja kwa nani?" Tulibadilisha hilo tu, mlinzi akaacha kuuliza, na watu waliokuwa wakikatisha wakaanza kurudi. Uhusiano unaanzia getini.

Na neno jingine kwa wenzangu tunaotibu. Mwaka 1991 Horvath na Symonds, walipojumlisha tafiti, waliona kwamba anachosema mgonjwa kuhusu uhusiano kilitabiri matokeo kuliko tunachosema sisi. Kwa hiyo siku hizi, mwisho wa kikao, nauliza: "Leo nimekuelewa wapi, na wapi sikukuelewa?" Mwanzoni wote wanasema "umenielewa vizuri mama". Ni heshima hiyo, ndivyo tulivyolelewa. Naongeza: "Kila mtu huwa nakosea kumwelewa mahali, nisaidie kupajua." Wiki ya tatu, ya nne, wanaanza kunionyesha. Zimbabwe wana benchi zao ambapo bibi wa mtaa huketi na wenye kile wanachokiita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, sawa kabisa na "anawaza sana" yetu. Walipima hilo Harare kwa watu 573, matokeo yakatoka 2016, na walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache sana baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kumbukeni bibi hao hawaketi tu. Wanafundishwa hatua za kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulifanyia kazi. Lakini wanaanza na neno ambalo mtu mwenyewe analitumia kwa maumivu yake.


#16 Yaya Ndosho

Nimetuma sauti. Dakika nne, nusu yake ni kimya. Amejibu kwamba alikuwa akijiuliza kila siku kama niko mzima na aliona aibu kunitafuta. Kikao Ijumaa, umeme ukiwepo.


#17 Mwalimu wa Kadutu

Yaya wangu. Nimeusoma ujumbe wako darasani, watoto wameniuliza mbona nacheka.


#18 Baba wa watatu

Nimemsomea mke wangu uzi huu wote jana usiku, watoto walipolala. Alikuwa amegeukia ukuta, nikadhani amesinzia. Nilipofika kwenye likelemba akasema, "Rudia hapo." Leo asubuhi amesema atakwenda Jumatano kumwuliza daktari lile swali, yeye mwenyewe. Ila anataka nimsindikize mpaka getini tu, nisiingie. Nimeumia kidogo. Nifanyeje?


#19 Mwalimu wa Kadutu

Mpaka getini, baba. Mngoje pale, na akitoka usimwulize walisema nini. Mwulize kama ana njaa.